Kipima kinasoma 20.3: tuingie au tusiingie?

Fundi amefungua mfuniko wa tangi, ameteremsha kipima hewa kwa kamba, amekivuta juu, anasoma: oksijeni asilimia 20.3. King'ora hakijalia. Mwenzake anauliza, "Vipi, iko sawa?" Mara nyingi jibu huwa ndiyo, maana kifaa kimetulia, kazi inasubiri na jua linapanda. Mwongozo huu wa kuingia nafasi finyu ni wa dakika hiyo, na nyingine zinazofanana nayo: namba haieleweki, feni inavuma lakini hali ni ileile, harufu ilikuja ikapotea, mtu aliye chini ameanza kujibu ovyo.

Nitakwenda dalili kwa dalili, ila kuna jambo linalozitawala zote. Mwili wa binadamu hauna king'ora cha oksijeni. Unapobana pumzi, kinachokuhangaisha ni kaboni dayoksaidi inayorundikana kwenye damu. Sasa ukiwa ndani ya tangi lililojaa nitrojeni, unaendelea kuitoa kaboni dayoksaidi kila ukipumua, kama kawaida. Kifua hakibani. Koo haliwashi. Hakuna kinachokusukuma utoke. Unazimika tu, kama taa. Kwa hiyo usingoje dalili ndani yako. Zitazame kwenye kifaa, kwenye mahali penyewe na kwa mwenzako. Na ikiwa mtu yumo ndani dalili inapojitokeza, jibu la kwanza halibadiliki: atoke, sababu itatafutwa nje.

Nikisema nafasi finyu nina maana ya tangi, kisima, chemba ya maji taka, shimo la choo, sailo ya nafaka, bomba kubwa, ngama ya meli, yaani chumba chake cha shehena. Ufinyu wenyewe si wa ukubwa. Ngama ya meli inaweza kumeza nyumba kadhaa na bado ikawa finyu, kwa sababu hewa yake haizunguki na njia ya kutokea ni moja.

Namba imeshuka kidogo, king'ora kimya

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Vipima vingi hupangwa vilie kwenye 19.5, ambapo kanuni za Marekani huanza kuhesabu upungufu. Japani mstari umechorwa kwenye 18. Watu wengi huichukua 19.5 kama kibali: juu yake unaingia, chini yake huingii. Hapo ndipo wanapoumia. Namba yoyote iliyo chini ya 20.9 ni swali: hiyo iliyopungua imekwenda wapi?

Majibu ni mawili. Ama oksijeni imeliwa, ama imesukumwa.

Tuanze na kuliwa. Chuma kinachoota kutu hula oksijeni ya hewa inayokizunguka. Tangi la chuma lenye unyevunyevu, likifungwa wiki kadhaa, linaweza kuishiwa oksijeni hata kama halijawahi kubeba chochote zaidi ya maji safi. Hilo ndilo huwapumbaza watu: "Hili ni la maji tu, lina sumu gani?" Halina sumu. Halina hewa. Mabaharia wanalikuta kwenye matangi ya maji ya kusawazisha meli na kwenye chumba cha mnyororo wa nanga. Shehena nazo hula: mbao, makaa ya mawe, chuma chakavu, nafaka, mbegu za mafuta. Na mtu hahitaji kuingia ngamani kwenyewe. Ngazi iliyofungiwa pembeni ya ngama hupokea hewa ileile mbovu kupitia nyufa na milango isiyoziba vizuri, naye anateremka akidhani yuko kwenye njia tu. Bakteria kwenye tope, majani yanayooza, rangi ya mafuta inayokauka, moto wa kuchomelea: wote hao ni walaji.

Kusukumwa ni habari nyingine, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo. Gesi ngeni ikiingia, haisukumi oksijeni peke yake, inasukuma hewa nzima. Na oksijeni ni kama moja ya tano tu ya hewa. Kwa hiyo kila 0.1 inayopungua kwenye kioo cha oksijeni inaweza kumaanisha karibu asilimia 0.48 ya gesi ngeni, yaani sehemu 4,800 katika milioni. Ile 20.3 ya fundi wetu, iliyopungua 0.6 tu, inaweza kuwa sehemu 28,700 katika milioni za kitu asichokijua. Hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu, huhatarisha uhai papo hapo ikifika 100. Kaboni monoksaidi, ile ya moshi wa injini, 1,200.

Utasema kipima changu cha vihisi vinne kingezikamata hizo mbili. Sawa, kikiwa kizima. Lakini vihisi vinne vya kawaida ni oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na hidrojeni salfaidi. Kaboni dayoksaidi haimo. Chukua pipa kubwa la kuchachushia, ambamo kaboni dayoksaidi inatoka kwenye chachu na kutuama chini. Mpaka oksijeni ishuke kufikia 19.5 na king'ora kilie, kaboni dayoksaidi imeshafika karibu asilimia 6.7, ilhali asilimia 4 tayari ni kiwango cha kuhatarisha maisha. King'ora kitalia, ndiyo, lakini kitakuwa kimekuja baada ya mgeni kuingia na kukaa. Kwa kazi za namna hiyo tafuta kipima chenye kihisi cha kaboni dayoksaidi chenyewe.

Sasa fundi afanye nini na 20.3 yake? Kwanza akipeleke kifaa kwenye hewa wazi, mbali na mdomo wa tangi na mbali na moshi wa jenereta, akisubiri kitulie. Kikirudi 20.9, kifaa ni kizima na tangi ndilo lenye maneno. Kikibaki 20.3, kifaa ndicho kinachodanganya. Asije akakirekebisha pale pale mdomoni mwa tangi kwa kubonyeza kitufe cha hewa safi. Nimewahi kuona hilo likifanywa kwa nia njema kabisa, na matokeo yake ni kifaa kilichofundishwa kwamba hewa mbovu ndiyo 20.9.

Pili aulize historia. Tangi lilibeba nini mara ya mwisho, lilisafishwa kwa nini, limeunganishwa na bomba gani. Bomba la nitrojeni likiwepo, vali iliyofungwa haitoshi. Vali huvujisha, na mtu huja kuifungua bila kujua kuna mwenzake ndani. Bomba litenganishwe au liwekewe sahani ya kuziba, kisha kufuli na kibandiko chenye jina la aliyefunga. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu vifo 80 vilivyosababishwa na nitrojeni kati ya 1992 na 2002, na hiyo ni gesi ambayo robo tatu na zaidi ya kila pumzi yako imetengenezwa nayo.

Tatu, apulize hewa mpaka 20.9 isimame, kisha azime feni, angoje robo saa, apime tena. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Namba ikibaki pale, kilichokuwemo kilikuwa mabaki. Ikianza kuteremka, mlaji au mvujaji bado yumo humo, na feni ilikuwa inamfunika tu.

Juu 20.9, chini mtu anaanguka

Sababu karibu siku zote ni kwamba kilipimwa kile kilichokuwa rahisi kupima. Gesi hazikai pamoja kama maji na maziwa. Hidrojeni salfaidi, kaboni dayoksaidi na agoni (gesi ya wachomeleaji) ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye sakafu na kwenye vishimo. Methani ni nyepesi, hujikusanya darini. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa, inatembea popote. Na gesi baridi huzama hata kama kwa kawaida ni nyepesi, ndiyo maana nitrojeni inayotoka kwenye nitrojeni kimiminika hutambaa sakafuni. Lita moja ya kimiminika hicho hufumuka ikawa takriban lita 700 za gesi, za kutosha kuharibu hewa ya chumba kidogo.

Kwa hiyo pima juu, katikati na chini, ukisimama kila baada ya mita moja na kitu. Ukitumia pampu na mrija, kumbuka hewa inasafiri. Mrija wa mita kumi ukiuzamisha na kuusoma papo hapo, unasoma hewa iliyokuwa ndani ya mrija. Kitabu cha kifaa kinasema sekunde ngapi kwa kila mita. Ongeza na muda wa kihisi chenyewe kutulia. Mtu mwenye haraka hushusha na kupandisha mrija kama anavua samaki, halafu anaandika namba tatu nzuri kwenye fomu.

Kona nazo. Tangi lenye vigawanyo au mbavu za ndani lina vyumba ambavyo mrija kutoka mlangoni hauvifikii. Hapo anayeingia kupima avae mtungi wa hewa, si barakoa. Nirudie maana swali hili haliishi: barakoa ya kichujio huchuja, haitengenezi oksijeni. Ndani ya tangi lenye asilimia 8, barakoa bora kuliko zote inakuletea asilimia 8 iliyochujwa vizuri.

Na tope. Chemba au shimo la samadi linaweza kupima vizuri asubuhi nzima, kwa sababu gesi imefungwa ndani ya tope kama mapovu ndani ya soda. Mtu akikanyaga, akikoroga au akianza kuvuta kwa pampu, soda imetikiswa. Kipimo cha kabla ya kukoroga hakikuambii lolote kuhusu baada ya kukoroga. Kipima kikae kifuani kwa mfanyakazi, kimewashwa, muda wote.

Kifaa chenyewe kina wasiwasi

Jaribio la haraka la kihisi cha oksijeni ni pumzi yako. Hewa unayoitoa ina oksijeni kama asilimia 16 au 17, kwa hiyo ukikipumulia taratibu namba lazima ishuke na king'ora kilie. Isiposhuka, kifaa hicho ni pambo. Hili halichukui nafasi ya kukijaribu kwa mtungi wa gesi ya majaribio kila siku ya kazi, ila linakuambia mara moja kama unamtegemea maiti. Vihisi vingi vya oksijeni vya aina ya kizamani hudumu kama miaka miwili, vitumike visitumike. Kifaa kilichokaa kabatini hakibaki kipya kwa kuwa kabatini.

Dalili inayochanganya zaidi ni hii: oksijeni inasoma 4, gesi inayowaka inasoma 0. Mtu anafurahi, angalau hapalipuki. Lakini vihisi vingi vya gesi zinazowaka hufanya kazi kwa kuichoma gesi hiyo juu ya waya moto, na bila oksijeni hakuna cha kuungua. Ile sifuri si jibu, ni kimya. Ndiyo sababu oksijeni husomwa kwanza, kisha zinazowaka, kisha sumu; oksijeni ndiyo inayotuambia kama namba nyingine zinaaminika. Kihisi hicho hicho kinaweza pia kufa polepole kwa mvuke wa silikoni, ule wa kupuliza kulainishia bawaba na wa kuzibia nyufa. Ukiweka kipima kwenye sanduku moja na kopo la silikoni umekilisha sumu.

Mlima mrefu hauishushi asilimia ya oksijeni, unaishusha kanieneo yake, na baadhi ya vipima huonyesha namba ndogo kwa sababu hiyo. Rekebisha kwenye hewa safi ya pale pale kazini, ukiwa mbali na shimo, basi.

Jana tuliingia, leo imekataa

Wachimba visima wanaijua siku hii. Udongo una vinyweleo, na ndani ya vinyweleo kuna hewa ambayo bakteria na madini wameshakula oksijeni yake. Kanieneo ya anga ikipanda, hewa safi husukumwa ardhini. Ikishuka, kama kabla ya mvua kubwa, ardhi inatoa pumzi, na pumzi hiyo inamiminikia kisimani. Kisima kilekile, ngazi ileile, mtu yuleyule, hewa tofauti. Wazee waliosema kisima kina shetani siku za mawingu walikuwa wameona kitu cha kweli, wakakipa jina walilokuwa nalo.

Kwenye tangi na bomba sababu huwa za kibinadamu zaidi. Mfuniko ulifungwa usiku na kutu ikafanya kazi zamu ya usiku. Mchomeleaji aliacha bomba la agoni ndani akaenda kula. Jenereta ilisogezwa kwenye kivuli, na kivuli kiko upande feni inakovuta hewa. Kundi la jirani lilianza kusukuma nitrojeni kwenye mfumo unaoungana na wenu. Mtu akikuambia jana palikuwa salama, amekupa habari ya jana. Kibali cha kuingia kina saa ya kuanza na saa ya kwisha kwa sababu hiyo, na watu wakitoka wote kwenda kula, kipimo kinaanza upya wakirudi.

Feni inavuma, namba haipandi

Angalia kwanza hewa inakwenda wapi. Feni ikiwekwa mlangoni na mlango huohuo ukiwa ndio njia ya kutokea hewa, hewa safi inaingia hatua mbili, inageuka na kutoka. Chini hakuna kilichotikisika. Bomba la feni lifike karibu na sakafu, upande wa mbali na mlango, ili hewa mbovu isukumwe ipande itoke. Pia bomba lisiwe limekunjwa. Weka mkono wako karibu na mdomo wake kabla hujaliteremsha; feni kubwa yenye bomba lililojikunja mara mbili hutoa upepo wa kupoza chai.

Kisha hesabu muda. Tangi la mita za ujazo 30 na feni inayopuliza mita za ujazo 10 kwa dakika: baada ya dakika 3 umepuliza ujazo mmoja. Wengi huishia hapo. Lakini hewa mpya inachanganyika na ya zamani, haiipigi teke itoke yote. Ikichanganyika vizuri, baada ya ujazo mmoja ya zamani bado imebaki asilimia 37. Baada ya tatu, asilimia 5. Baada ya tano, chini ya asilimia 1. Kwa tangi hili ni robo saa, na hapo nimekuwa mkarimu, maana kona hazichanganyiki vizuri. Na feni ikiendelea kufanya kazi watu wakiwa ndani, isizimwe kwa sababu kelele inazuia mazungumzo.

Kama bomba liko sawa na muda umetosha, basi kitu kinaendelea kuingia au kula. Rudi kwenye vali.

Kuna ufumbuzi mmoja ambao huonekana wa busara kwa mtu aliyekata tamaa: kufungua mtungi wa oksijeni wa kuchomelea ndani ya tangi "kuongeza hewa." Usiguse. Oksijeni ikizidi asilimia 23.5, nguo, nywele na mafuta hushika moto kwa cheche ndogo na huwaka kwa kasi isiyozimika. Hewa ya kupuliza ni hewa.

Harufu ilikuwepo, sasa hakuna

Hidrojeni salfaidi inanuka yai bovu, na pua huikamata ikiwa chini hata ya sehemu moja katika milioni. Kwenye 100 hadi 150 mishipa ya harufu hupooza. Kwa hiyo harufu iliyokuwa kali ikatoweka ghafla ina maana mbili: imepungua, au imezidi. Huna namna ya kuzitofautisha kwa pua. Ichukue kuwa imezidi, toka, acha kipima kiseme.

Mshumaa au taa ya kuteremsha kisimani nayo ni pua ya namna yake. Moto wa mshumaa huzimika oksijeni ikiwa karibu asilimia 16, kwa hiyo ukizimika umekuambia kweli. Ukiendelea kuwaka haujakuambia lolote kuhusu kaboni monoksaidi wala hidrojeni salfaidi, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa utakuwa umeteremsha kiberiti kwenye bomu.

Aliye chini ameanza kubadilika

Oksijeni ikiteremka kuelekea 12 hadi 16, mapigo ya moyo na pumzi huenda mbio na mikono huanza kukosea. Kati ya 10 na 14 akili ya kupima mambo inapungua, midomo inageuka rangi. Kati ya 6 na 10 ni kichefuchefu, kutapika, na hali mbaya kuliko zote: mtu anaona ngazi iko wapi na miguu haimtii. Chini ya 6, degedege na kifo ndani ya dakika chache. Lakini usidhani watu huteremka ngazi hiyo hatua kwa hatua. Anayeingia moja kwa moja kwenye hewa iliyo karibu na sifuri huanguka baada ya pumzi moja au mbili, kwa sababu mapafu hayo yanaanza kuivuta oksijeni kutoka kwenye damu badala ya kuipeleka.

Mlinzi wa nje ndiye anayesoma dalili hizi, na ndiyo maana hapaswi kuwa na kazi nyingine yoyote, hata ya kupitisha spana. Wengi hukosea swali. Huita, "Uko sawa?" na aliye chini hujibu "Niko sawa," kwa sababu ubongo unaokosa oksijeni hujiona mzima, wakati mwingine hata mchangamfu. Muulize kitu cha kufikiria.

"Umebakiza bolti ngapi?"

"Eeh... niko sawa."

Hilo si jibu la bolti. Mwambie atoke. "Soma namba kwenye kipima chako" ni swali zuri zaidi, linakupa habari mbili kwa pamoja. Spana iliyoanguka mara mbili, cheko lisilo na sababu, hasira ya ghafla kwa kuulizwa, maneno yanayoburuta: yote ni kutoka, bila kujadiliana. Akikataa kutoka, hiyo nayo ni dalili.

Ameanguka

Hapa mikono inataka kufanya kitu ambacho kitaua mtu wa pili. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye nafasi finyu walikuwa waokoaji. Soma tena: wengi wa waliokufa hawakuwa na kazi humo ndani. Novemba 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta jimboni Delaware, mafundi wawili walikuwa wakijiandaa kufunga bomba kwenye mdomo wa mtambo uliokuwa ukipitishiwa nitrojeni. Ndani kulikuwa na rola ya utepe wa kubandikia. Mmoja alikwenda kuitoa, akaishia ndani; wa pili akamfuata kumwokoa. Wote wawili walikufa.

Kama maandalizi yalifanywa, aliyeanguka amevaa mkanda wa mwili mzima, kamba imeunganishwa na winchi juu ya miguu mitatu, na mlinzi wa nje anazungusha mkono bila kuingia. Ubongo huanza kuharibika baada ya kama dakika 4 hadi 6 bila oksijeni, na timu ya kuokoa iliyoko upande wa pili wa mji haiwezi kushindana na saa hiyo. Kwa nafasi ya wima, kamba isipokuwepo, hujapanga uokoaji. Melini hili limefanywa sheria: tangu Januari 2015 mabaharia wenye kazi hizo hufanya mazoezi ya kuingia na kuokoa kila baada ya miezi miwili, mara nyingi wakivuta mwanasesere kwa winchi yenyewe, maana tundu lililoonekana kubwa kwenye mchoro humgomea mtu mwenye mtungi mgongoni.

Kama kamba haipo: piga kelele, ita msaada, elekeza feni chini mpaka mwisho wake, funga chanzo. Anayeingia awe na mtungi wa hewa, na mwenzake abaki nje akiwa na mtungi wa pili. Ikiwa hakuna mtungi, hakuna anayeingia, hata kama ni nduguye. Zuieni wanaotaka kuruka; wawili wamshike mmoja ikibidi.

Akishatolewa, mlaze kwenye hewa wazi. Kama hapumui, bonyeza kifua na umpulizie pumzi, kwa sababu huyu amekosa hewa, kubonyeza peke yake hakumtoshi; kama nguo zake zimelowa tope lenye gesi zivuliwe kwanza. Mwenye oksijeni ya matibabu ampe. Na akizinduka, akakaa, akaomba maji na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali, na anayempeleka aende na jina la gesi na namba iliyosomwa. Hidrojeni salfaidi, na nitrojeni dayoksaidi, ile gesi ya kahawia inayotoka kwenye sailo ya majani mabichi wiki za mwanzo, huweza kujaza maji kwenye mapafu saa nyingi baadaye, wakati kila mtu amekwenda kulala.